Kusimulia au Kuandamana: Mhamiaji Aanzie Wapi Kudai Haki Yake?

Kila ikitangazwa sheria mpya ya uhamiaji, makundi yetu ya WhatsApp huku ughaibuni hugawanyika pande mbili kabla ya jua kuzama. Wapo wanaosema watu wajitokeze, wataje majina yao, waeleze walivyofika na wanavyoishi, ili wenye nchi wajue ni nani hasa wanataka kumfukuza. Na wapo wanaosema maneno yametosha, sasa ni barabarani. Kila upande una mifano yake ya kweli, ndiyo maana ubishi hauishi. Hapa naziweka njia hizo mbili bega kwa bega. Nitakaa zaidi Marekani, kwa sababu huko zimejaribiwa miaka mingi na matokeo yake yanajulikana, kisha nitagusa Ghuba, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi na ambako hesabu ni nyingine kabisa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kabla kikundi hakijachagua, kijiulize huyu anayetuzuia ana tatizo gani: hajui, au anajua ila hataki? Asiyejua husimuliwa. Anayejua na hataki hubanwa. Vikundi vingi hupoteza nguvu kwa kumsimulia mtu ambaye habari zote anazo mezani, au kwa kupiga kelele mbele ya watu ambao hawajawahi hata kusikia kwamba kuna tatizo.

Simulizi ilivyozaa muswada

Chicago kulikuwa na msichana anaitwa Tereza Lee. Wazazi wake ni Wakorea, yeye alizaliwa Brazil, akaingizwa Marekani akiwa mdogo, na makaratasi hakuwa nayo. Alipiga piano kwa kiwango cha kuomba nafasi kwenye vyuo vikubwa vya muziki, lakini fomu za vyuo zilitaka namba ya hifadhi ya jamii, ile ambayo huko bila hiyo hupigi hatua. Siri hiyo akaitoa kwa mwalimu wake wa muziki, na mwalimu akapiga simu ofisi ya seneta wa Illinois, Dick Durbin. Durbin alipoambiwa kwamba sheria haikuwa na mlango wowote kwa mtoto wa namna ile isipokuwa kuondoka nchini, akaanza kuandaa muswada. Mwaka 2001 yeye na Orrin Hatch wa Utah, mmoja Mdemokrati na mwingine Mrepublican, wakaufikisha Seneti. Ndio uliokuja kujulikana kama DREAM Act, muswada wa kuwafungulia njia ya kupata makaratasi vijana walioingizwa nchini wakiwa watoto. Tereza alipangiwa kwenda kutoa ushahidi Washington tarehe 12 Septemba 2001. Siku moja kabla, ndege zikashambulia New York na Washington, na kikao kikafutwa.

Hapo hapakuwa na bango wala kipaza sauti. Palikuwa na seneta ambaye hakujua, mtoto aliyesema, na mwalimu aliyebeba habari ile hadi kwa mwenye uwezo. Miaka iliyofuata Durbin alizoea kusimama Senetini na picha kubwa ya kijana mmoja pembeni yake, akieleza alizaliwa wapi, amesoma nini na anataka kuwa nani. Walioitwa tu "wahamiaji haramu" wakaanza kuwa na sura.

Mwingine ni Jose Antonio Vargas. Alitumwa kutoka Ufilipino mwaka 1993 akiwa na miaka 12, kwenda kwa babu na bibi yake California. Alipofika 16 alikwenda kwenye ofisi ya leseni za udereva na ile grini kadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, aliyopewa na babu yake. Mama wa dirishani akaigeuzageuza, akamnong'oneza kwamba ni ya bandia, na kwamba asirudi tena pale. Kijana akatoka na baiskeli yake hadi nyumbani kumuuliza babu. Alikua akawa mwandishi wa habari, akawa kwenye timu ya gazeti la Washington Post iliyopata tuzo ya Pulitzer mwaka 2008, huku akificha jambo hilo kwa karibu kila mtu. Juni 2011 akalieleza lote mwenyewe kwenye jarida la New York Times, ingawa mawakili walikuwa wamemwonya. Mwaka mmoja baadaye alikuwa kwenye jalada la jarida la Time pamoja na vijana wenzake wasio na makaratasi.

Kinachonigusa kwenye habari ya Vargas ni lile dirisha la ofisi. Msomaji wa Ohio ambaye hajawahi kukutana na mhamiaji amewahi kusimama kwenye dirisha kama lile akisubiri kugongewa muhuri. Simulizi nzuri humshika msikilizaji pale ambapo maisha yake na yako yamepita njia moja, halafu humwonyesha mahali yalipoachana. Takwimu haiwezi kufanya hivyo, na umati wa watu laki moja hauwezi kufanya hivyo.

Lakini tazama kalenda. Muswada wa 2001 ulizunguka miaka tisa. Tarehe 8 Desemba 2010 Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa kura 216 dhidi ya 198. Tarehe 18 Desemba, Seneti ilihitaji kura 60 ili uendelee, zikapatikana 55 dhidi ya 41. Maseneta wale 41 habari walikuwa wamezisikia. Picha za vijana waliziona, barua walizipata, wengine vijana wenyewe waliwafuata hadi ofisini wakiwa wamevaa joho na kofia za mahafali. Hatch, aliyeuanzisha, safari hii hakuupigia kura. Walijua, na hawakutaka. Simulizi ilikuwa imefika mwisho wa uwezo wake.

Barabara ilivyouzima muswada mwingine

Sasa geuza upande. Desemba 2005 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada namba 4437, ambao ungefanya kuwepo nchini bila makaratasi kuwa kosa kubwa la jinai, na kumwadhibu pia anayewasaidia watu hao. Makanisa yakashtuka. Kadinali Roger Mahony wa Los Angeles alitangaza kwamba ungekuwa sheria, angewaambia mapadri wake wasiutii.

Tarehe 10 Machi 2006 watu wapatao laki moja waliingia katikati ya Chicago. Tarehe 25 Machi, Los Angeles ilijaa watu wanaokadiriwa kufika nusu milioni. Aprili 10 maandamano yakaenea miji mingi, na Mei Mosi watu waligoma kazi na kununua, hata baadhi ya viwanda vya nyama vikasimamisha uzalishaji siku hiyo. Waliowaita watu hawakuwa wanasiasa. Walikuwa watangazaji wa redio za Kihispania, kama Eddie Sotelo, ambaye kila asubuhi aliwasihi wasikilizaji waje wamevaa nguo nyeupe, wabebe bendera ya Marekani, na waje na mifuko ya plastiki wakusanye takataka wakimaliza. Ile mifuko ya takataka nadhani ilifanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi. Nusu milioni ya watu walipita, na picha zilizobaki ni za familia zenye fulana nyeupe na watoto mabegani.

Muswada 4437 ulifia Seneti. Huo ni ushindi kamili, na umati ndio ulioubeba. Wabunge waliokuwa wakiona uhamiaji kama jambo la mpakani waliona wapishi, wajenzi na walezi wa watoto wa miji yao wenyewe wamesimama mbele yao siku ya kazi, na jikoni na majengo yamebaki matupu.

Ila barabara nayo ina mpaka wake. Mei 2006 Seneti ilipitisha muswada wake wenye njia ya kuwapa watu makaratasi, lakini haukuwahi kuafikiwa na Baraza la Wawakilishi, ukafa. Oktoba mwaka huohuo Rais Bush alisaini sheria ya kujenga uzio wa maili 700 mpakani. Mamilioni ya watu walikuwa wametoka nje, na kabla mwaka haujaisha wakapewa uzio. Maandamano yalizuia jambo baya. Jambo jema hayakuleta. "Leo tunaandamana, kesho tunapiga kura," ndivyo mabango yalivyosema, na sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu, kwa kuwa wengi waliotembea siku ile hawakuwa na kura.

Kwa hiyo ukiwa unazuia sheria inayokuja, tena haraka, umati una faida kubwa. Ukiwa unaomba kitu ambacho hakipo, utahitaji watu wakujue kwanza.

Zilipokutana, 2010 hadi 2012

Tarehe 1 Januari 2010 wanafunzi wanne, Gaby Pacheco, Felipe Matos, Carlos Roa na Juan Rodriguez, waliondoka Miami kwa miguu kwenda Washington, maili 1,500, kama kilomita 2,400. Watatu kati yao hawakuwa na makaratasi. Walitembea kandokando ya barabara kuu, na jioni walisimulia makanisani na kwenye kumbi za miji midogo ya kusini. Huko Nahunta, Georgia, walikuta mkutano wa hadhara wa Ku Klux Klan, kundi la wabaguzi weupe, dhidi ya wahamiaji, wakapita hapohapo pamoja na watu wa NAACP, chama cha kutetea haki za Wamarekani weusi. Safari ile ilikuwa simulizi na maandamano kwa wakati mmoja: miguu iliwaleta waandishi wa habari, na wakifika, kulikuwa na mtu mwenye jina la kuhojiwa.

Machi mwaka huo, Chicago, vijana walisimama hadharani kwenye uwanja ulio mbele ya majengo ya serikali kuu, kila mmoja akataja jina lake na kusema hana makaratasi na haogopi. Mei 17, huko Tucson, Arizona, vijana walikaa chini ndani ya ofisi ya Seneta John McCain wakiwa na majoho ya mahafali, wakakataa kuondoka hadi wakakamatwa. Watatu kati yao hawakuwa na makaratasi, na walijua polisi wangewakabidhi kwa maofisa wa uhamiaji. McCain alikuwa ameuunga mkono muswada zamani, kisha akageuka. Kumsimulia tena kungekuwa kupoteza muda.

Muswada ukaanguka Desemba, kama nilivyosema. Hapo ndipo vijana walipofanya uamuzi ambao naona una akili kuliko yote katika historia hii: wakabadilisha mlango. Bunge limekataa, basi rais. Obama alisema anawaunga mkono ila hawezi kulipita Bunge. Julai 2011 alipokuwa akilieleza hilo mbele ya mkutano wa Walatino, ukumbi ukamjibu kwa kaulimbiu yake mwenyewe ya kampeni, kwamba anaweza. Mei 2012 karibu maprofesa mia moja wa sheria walimwandikia kuthibitisha kwamba mamlaka anayo. Mwanzoni mwa Juni vijana wawili wasio na makaratasi waliingia ofisi ya kampeni yake Denver, wakakaa sakafuni na kugoma kula. Ilikuwa miezi mitano kabla ya uchaguzi, na Colorado ilikuwa moja ya majimbo asiyoweza kumudu kuyapoteza.

Tarehe 15 Juni 2012 Obama alitangaza DACA: kijana aliyeingia nchini kabla ya kufikisha miaka 16, akakaa mfululizo tangu Juni 2007 na hajafika 31, aliweza kuomba miaka miwili ya kutofukuzwa pamoja na kibali cha kazi, kisha kuongeza tena. Zaidi ya watu 800,000 wamewahi kuipata kinga hii.

Obama hakuwa mtu asiyejua. Alikutana nao, aliwataja kwenye hotuba. Kilichomsogeza ni kwamba wale ambao habari zao alikuwa akiwasimulia wengine walikuja kukaa kwenye sakafu ya ofisi yake, wakati ambao hakuweza kuwapuuza wala kuwakamata bila watu kuona. Na wasingekuwa na miaka kumi ya simulizi nyuma yao, wapita njia wa Denver wangeona vijana wakorofi tu.

Tuwe wakweli pia kuhusu udhaifu wake. DACA ilikuwa amri ya serikali, haikuwa sheria ya Bunge. Septemba 2017 serikali ya Trump ilitangaza kuifuta, Mahakama ya Juu ikaizuia hatua hiyo Juni 2020 kwa kura 5 dhidi ya 4, na Julai 2021 mahakama ya Texas ikazuia kuidhinishwa kwa maombi mapya. Ulichokipata kwa kumbana mtu mmoja, mtu mwingine anaweza kukichukua.

Hatari: usidhani kusimulia ni salama

Wengi huchagua simulizi kwa kuamini kwamba ndiyo njia ya wapole, na barabara ni ya mashujaa. Hesabu haiko hivyo.

Marekani, kuandamana kwa amani kunalindwa na katiba, hata kwa asiye raia. Kutembea kando ya barabara na bango kwa kawaida hakuhitaji kibali. Kufunga barabara kunahitaji. Hatari inaanza ukikamatwa, kwa sababu alama za vidole zinazochukuliwa kituoni hufika kwa watu wa uhamiaji. Na tangu Januari 2025, sheria iitwayo Laken Riley inaagiza asiye na makaratasi awekwe kizuizini akikamatwa tu kwa makosa fulani, kabla hata hajahukumiwa. Kumshambulia askari ni mojawapo. Katika msukumano wa umati, tuhuma hiyo haichelewi kutolewa. Hata grini kadi siku hizi haitoshi kumfanya mtu alale usingizi: Mahmoud Khalil, mkaazi halali, alikamatwa New York Machi 2025 kwa sababu ya maandamano ya Chuo Kikuu cha Columbia kuhusu Gaza, akakaa kizuizini zaidi ya miezi mitatu.

Lakini mwezi huohuo Rümeysa Öztürk, mwanafunzi kutoka Uturuki, alikamatwa njiani karibu na Boston na maofisa waliovaa kiraia. Hakuwa ametupa jiwe wala kufunga barabara. Kilichomponza ni makala aliyoandika na wenzake kwenye gazeti la chuo chao. Aliachiwa Mei kwa amri ya jaji. Vargas naye alishikwa kwenye uwanja wa ndege wa McAllen, Texas, mwaka 2014, akaachiwa siku hiyohiyo, na nina hakika umaarufu wake ulisaidia. Asiye maarufu asitegemee hivyo.

Kuna hatari nyingine ya simulizi ambayo watu wetu huikanyaga bila kujua, hasa walioomba hifadhi. Ukishajaza maelezo yako ya hifadhi, kila unachosema hadharani kinaweza kuwekwa kando ya maelezo yale. Kwenye fomu ulisema walikuja usiku wa Jumanne, kwenye video unasema alfajiri. Kwenye fomu walikuwa wanne, kwenye video watano. Wewe umesahau kwa sababu ulikuwa na hofu, lakini mwanasheria wa serikali atasema umedanganya. Na video haikai Texas. Kabla hujamaliza chakula cha jioni imeshafika Goma, Bukavu au Bujumbura, kwa watu walewale uliowakimbia, na kwa mdogo wako aliyebaki.

Ghuba ni habari nyingine. Mfanyakazi wa kigeni anayeshiriki mgomo au maandamano huko anahatarisha kukamatwa na kurudishwa kwao. Agosti 2022, miezi michache kabla ya Kombe la Dunia, wafanyakazi walikusanyika Doha kudai mishahara ambayo baadhi yao hawakulipwa kwa miezi kadhaa. Baadhi walishikwa, na wengine wakasafirishwa kwao. Basi inabaki simulizi? Malcolm Bidali, Mkenya aliyekuwa mlinzi Qatar, alijaribu. Aliandika kwa jina la kupanga, Noah, kuhusu vyumba wanavyolala walinzi, saa za kazi, pasipoti na mishahara. Hakumtukana mtu, alieleza maisha tu. Mei 2021 alichukuliwa usiku kutoka bwenini, akakaa karibu mwezi mzima peke yake kwenye selo, kisha akatozwa faini ya riyali 25,000 kwa madai ya kueneza habari za uongo. Aliondoka Qatar Agosti.

Kwa aliyeko Ghuba leo, ushauri wangu ni mmoja na nausema kwa uzito: usiandamane, na usiandike kwa simu yako ukiwa bado huko. Peleka habari zako kwa shirika linaloficha jina, au subiri urudi. Mwaka 2017 shirika la haki za binadamu la Human Rights Watch lilikusanya maelezo ya wanawake wa Kitanzania 50 waliofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu, majina yakabadilishwa, na habari zikafika serikalini na kwenye magazeti ya dunia. Simulizi haipungui nguvu kwa kufichwa jina. Hupungua kwa kukosa undani.

Muda

Hapa nitapita haraka, mambo yanajieleza. Simulizi ni kazi ya miaka. Barabara inaweza kufanya kazi kwa saa. Tarehe 27 Januari 2017 Trump alisaini amri ya kuwazuia watu wa nchi saba, Somalia ikiwemo, na kusimamisha mapokezi ya wakimbizi wote. Kesho yake watu walijaa kwenye uwanja wa ndege wa JFK, madereva wa teksi wa New York wakagoma kupakia abiria kwa saa moja, mawakili wakaketi sakafuni na kompyuta zao kuandika maombi ya dharura, na usiku huo jaji Ann Donnelly wa Brooklyn akazuia waliokwishatua wasirudishwe.

Lakini hata siku ile palikuwa na jina. Kesi iliyofunguliwa ilikuwa ya Wairaki wawili, mmoja wao Hameed Khalid Darweesh, aliyefanya kazi ya ukalimani na jeshi la Marekani miaka kumi. Umati ulikuja kwa ajili ya wote, jaji akapewa watu wawili wenye majina. Darweesh alipotoka pale uwanjani mchana, alilia.

Simulizi inamla mwenye nayo

Hili ndilo ninalolionea uchungu, na sioni likijadiliwa vya kutosha.

Nimekaa kwenye kiti cha mkalimani kwenye vikao vya namna hii. Mama wa Kikongo anasimulia kwa Kiswahili cha Bukavu walivyovamiwa, mimi nafuata kwa Kiingereza. Akikaribia pale pa mumewe anashika ncha ya kitenge, anaikunja, anaikunjua, na sentensi zinakuwa fupi. Akishamaliza, waandaaji wanamwomba arudie sehemu hiyohiyo, maana sauti haikunasa vizuri. Anarudia. Wiki ijayo ataitwa kanisa jingine. Kila mara mfiwa anafiwa upya, na mkono anaopewa mwishoni haulipi kodi ya nyumba. Maandamano hayamdai mama yule kitu cha namna hiyo. Anaweza kutembea na kitenge chake, kimya, mwanawe akiwa na bango, akarudi nyumbani na siri zake zote.

Kisha simulizi inachagua. Vyombo vya habari vilipenda kijana aliyeongoza darasa, asiye na kosa hata la kuegesha gari vibaya. Kampeni zikajenga hoja kwamba hawa waliletwa wakiwa watoto, si kosa lao. Sasa kama si kosa lao, ni kosa la nani? La mama na baba. Vijana wenyewe waliliona hilo, wengi wakaanza kuikataa hoja hiyo na kusema wazazi wao ndio waliothubutu kwanza. Majira ya joto ya 2012 basi liliondoka Phoenix hadi mkutano mkuu wa Wademokrati huko Charlotte likiwa na watu wazima pia: mama wa nyumbani, wasafishaji, vibarua wa kuokota kazi kando ya barabara. Ujumbe wao ulikuwa kwamba hata asiye na cheti cha kuonyesha ni mtu.

Umati hauulizi alama za darasani. Aliyefeli, aliyewahi kufungwa, mzee asiyejua kusoma, wote wanahesabiwa mmojammoja. Kwa upande wa kumjumuisha kila mtu, barabara inaishinda simulizi, wala sioni ubishi hapo.

Basi uchague vipi

Kama huna makaratasi na hujawahi kusema popote, anzia ndani. Kaeni watu wachache mnaoaminiana, bila simu, kila mtu aeleze yake. Marshall Ganz, aliyefanya kazi miaka 16 na chama cha wafanyakazi wa mashambani cha Cesar Chavez kabla ya kufundisha Harvard, hufundisha mpangilio ambao vijana wa DREAM waliutumia sana: habari yangu, habari yetu, na jambo la kufanya sasa. Hilo la tatu ndilo watu wetu husahau. Tunalia, wasikilizaji wanalia, halafu tunaagana bila kumwomba mtu yeyote kitu chochote. Sema wazi: mpigie simu mbunge fulani kabla ya Ijumaa.

Kama una kesi ya hifadhi inayoendelea, usirekodiwe kabla wakili wako hajasikia kila utakachosema. Barabarani unaweza kwenda, ila kaa mbali na mstari wa polisi na uondoke amri ya kutawanyika inapotolewa.

Kama ulikuja kama mkimbizi na una grini kadi, una nafasi nzuri ya kusimulia, hasa kwa madiwani, shule na makanisa ya mji mdogo unaoishi. Hao mara nyingi ni watu wasiojua, na Mkongo anayefanya kazi zamu ya usiku kwenye kiwanda chao cha nyama ni mtu wanayemwona kila siku bila kumfahamu. Usiende kumsimulia seneta aliyeshapiga kura mara nne dhidi yako.

Mwenye uraia, wewe huna sababu ya kusimama nyuma. Unapiga kura, hufukuziki kirahisi, unaweza kukaa sakafuni ofisini kwa mtu ukalala rumande usiku mmoja na asubuhi ukaenda kazini. Vikundi vyetu vingi vinafanya kinyume: mwenye pasipoti anashika kamera, asiye na kitu anashika kipaza sauti. Badilishaneni.

Kwa video zozote mtakazorekodi, andikeni kabla kwamba mwenye habari anaweza kuomba ifutwe siku yoyote bila kueleza sababu, na awepo mtu mmoja anayejulikana wa kuifuta. Kwa maandamano yoyote, namba ya simu ya wakili iandikwe kwa kalamu ya wino mkononi, maana simu huchukuliwa kwanza, na iwe imeshapangwa nani atawachukua watoto shuleni. Na asiye na makaratasi anayetaka kukaa mbele kabisa, kama wale wa Tucson, huo ni uamuzi wake peke yake. Apewe wiki ya kuufikiria, azungumze na wakili na watu wa nyumbani kwake, na akighairi asubuhi ya siku yenyewe, asiulizwe kwa nini.